Anzeni dukani kabla ya kukaa mezani: kumpeleka mama Thai Town ya Los Angeles

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Inglewood, karibu na Los Angeles, na kazi yangu ni kutunza wazee. Mama yangu amekuja kutoka Tanga kunitembelea kwa miezi miwili. Yeye ni mpishi wa pwani, hali nguruwe, na chakula cha huku kimemshinda. Mwenzangu kazini amenishauri nimpeleke kwenye mtaa wa Wathai, lakini mimi mwenyewe nimewahi kula pad thai, zile tambi zao za kukaanga, ya kuletewa nyumbani mara mbili tu, na mara zote mbili niliiona tamu kama peremende. Tuanzie wapi, tutaujuaje mgahawa ulio mzuri, tununue nini madukani, na nguruwe tutamkwepaje?

Jibu: Mpe mama shikamoo yangu, dada, kisha umwambie kwamba hatakuwa mgeni kama anavyodhani. Mpishi wa Tanga akiingia katika duka la Wathai hukuta kwamba nusu ya vitu vilivyomo anavijua, ila vimeandikwa kwa herufi asizozisoma. Ndiyo maana ushauri wangu unapingana na ule ambao wengi watakupa: msianze kwa kutafuta mgahawa. Anzeni dukani, saa nne asubuhi, kabla hamjala, kwa kuwa mama akishaviona na kuvinusa viungo vyenyewe atakuwa na jambo la kuuliza mtakapokaa mezani, nawe utakuwa umepona ugonjwa wa kuagiza pad thai kwa kukosa jina jingine la kutaja.

Mtaa wenyewe uko East Hollywood, kwenye kipande cha Hollywood Boulevard kilicho kati ya Western Avenue na Normandie Avenue. Acheni gari nyumbani, kwa sababu maegesho ya kule humaliza subira ya mtu kabla hajaonja kitu; pandeni treni ya njia ya K kutoka Inglewood mpaka Expo/Crenshaw, badilisheni kwa njia ya E mpaka 7th Street/Metro Center katikati ya jiji, halafu mchukue njia ya B hadi kituo cha Hollywood/Western. Mkitoka chini ya ardhi msitarajie lango kubwa lenye taa. Zipo sanamu za apsonsi, kiumbe wa hadithi za Kithai aliye nusu mwanamke na nusu simba, zinazouwekea mtaa mipaka yake. Zaidi ya hizo mtaona safu za maduka madogo yaliyozunguka viwanja vya magari, maandishi ya Kithai yakichanganyika na ya Kiarmenia, maana eneo hilohilo kwa sehemu kubwa huitwa pia Little Armenia. Watu wengi hupita hapo kwa gari bila kujua kwamba wamepita mahali.

Halmashauri ya jiji iliupa mtaa huo jina la Thai Town tarehe 27 Oktoba 1999, na ulikuwa wa kwanza wa aina yake Marekani. Jina halikuja kwa ajili ya watalii peke yao. Wathai walikuwa wameanza kufika kwa wingi baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilifunguliwa Bangkok Market kwenye Melrose Avenue, duka lililowawezesha wapishi wao kupata viungo ambavyo hapo kabla walivikosa au walivibebea masandukuni. Mwaka 1995, tarehe 2 Agosti, polisi waliingia katika jengo moja la El Monte, mashariki ya Los Angeles, wakawakuta Wathai 72 waliokuwa wakishonishwa nguo wakiwa wamefungiwa kama watumwa. Shirika la Thai Community Development Center, lililoanzishwa mwaka uliotangulia, lilikuwa miongoni mwa waliowapigania watu hao, na ndilo pia lililoongoza juhudi za kuutaka mtaa utambuliwe rasmi, kwa hoja kwamba jina lingewaletea wateja wenye maduka na migahawa na hivyo kuwapatia wahamiaji kazi zenye heshima. Bangkok Market lilifungwa mwaka 2019, lakini hoja ile bado inaishi, na wewe unayetunza wazee wa watu ili upate riziki ugenini nadhani unaielewa kuliko mimi ninavyoweza kuieleza.

Sasa twende dukani. Mojawapo ya yanayofaa kuanzia ni Silom Supermarket, iliyomo katika jengo la Thailand Plaza kwenye Hollywood Boulevard. Mpeleke mama moja kwa moja kwenye mboga na majani. Hapo atauona mchaichai, ambao kwao huenda umeota nyuma ya jiko kwa ajili ya chai, lakini ambao Wathai huuponda sehemu yake ya chini, ile nyeupe, na kuutia katika viungo vya mchuzi. Ataiona giligilani inayouzwa pamoja na mizizi yake. Asiikate na kuitupa, kwa kuwa mzizi huo ndio unaopondwa na vitunguu saumu na pilipili manga kuwa msingi wa mapishi mengi. Ataona kitu kinachofanana na tangawizi lakini chenye ngozi nyeupe inayong'aa na harufu iliyo karibu na ya msonobari. Wathai hukiita kha, na tangawizi haiwezi kushika nafasi yake, hata kama vitabu vya upishi vya haraka vinadai inaweza. Pilipili ndogo ni pilipili kichaa, hana haja ya kuelezwa, ingawa atacheka akiambiwa kwamba jina lake la Kithai, phrik khi nu, maana yake ni mavi ya panya. Yako majani marefu ya kijani yanayoitwa bai toei, yanayotiwa katika wali na vitu vitamu ili vinukie. Hayo ni ya jamaa ya mkadi, na mtu wa pwani hatashangaa kusikia kwamba mmea wa jamaa hiyo hutunzwa kwa ajili ya harufu yake. Vile vibilinganya vya mviringo vyenye rangi ya kijani na nyeupe atavidhania nyanya chungu. Sivyo, havina ule uchungu, na huliwa hata vibichi.

Kisha mpeleke kwenye tui. Hapa pana somo ambalo mimi, niliyekulia katika jiko la nazi, lilinichukua muda kulikubali. Wathai, kama sisi, hutenga tui zito la kwanza na tui jepesi la pili. Lile huliita kichwa cha tui na hili mkia wake. Kuna hata kifaa cha kukunia nazi, kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma, ambacho ni ndugu wa mbuzi wetu, isipokuwa wao walimwona mnyama mwingine wakakiita kratai, yaani sungura. Lakini baada ya kukuna, njia zinaachana. Mpishi wa pwani hukaa jikoni akikoroga taratibu, akiogopa tui lisikatike, na likikatika aibu ni yake. Mpishi wa Thailand ya kati anayepika mchuzi wa kijani au mwekundu hufanya kinyume: hulichemsha tui zito kwa makusudi mpaka likatike na mafuta yajitenge, ndipo hukaanga viungo vyake vilivyopondwa ndani ya mafuta hayo, na mkia wa tui huja baadaye kuwa mchuzi. Mama akiletewa bakuli lenye mafuta ya kijani yanayoelea juu, asimhurumie mpishi; hilo ndilo alilokusudia. Mkitaka kujaribu nyumbani, someni ubavu wa kopo na mchague lenye nazi na maji tu, kwa sababu makopo mengi hutiwa vitu vya kulizuia tui lisijitenge, na hayo hayatakatika hata mkeshe nayo.

Katika rafu za chupa na makopo chukueni vitu vitatu, na msibabaishwe na vingine thelathini. Cha kwanza ni nam pla, maji ya chumvi yanayotokana na dagaa waliochachuka kwa miezi mingi. Harufu yake ni kali katika chupa lakini hupotea katika chakula na kuacha utamu wa samaki. Cha pili ni kapi, uduvi uliotiwa chumvi, ukachachuka na kusagwa, ambao mama ataupenda mara moja ikiwa nyumbani kwao uduvi ni kitoweo. Cha tatu ni sukari ya mvumo au ya mnazi, iliyogandishwa vipande vya duara, isiyo mbali na sukari guru. Ukwaju anaujua. Ongezeni kinu kidogo cha jiwe ikiwa mnaweza kukibeba, maana viungo vilivyosagwa kwa mashine hukatwakatwa tu ilhali vya kinu hupondwa hadi mafuta yake yatoke, na tofauti hiyo utaionja. Kwenye majokofu, ikiwa mama amewahi kufika Unguja, mwonyeshe doriani la Thailand lililogandishwa, na makopo ya shokishoki yaliyo kwenye rafu ya jirani. Vitu vizito na vya barafu mvilipie mkiwa njiani kurudi.

Swali lako la mgahawa mzuri linajibika kwa kanuni moja, nayo ni hii: usiulize mgahawa upi ni mzuri, uliza mgahawa huu unasifika kwa nini. Thailand si jiko moja. Kaskazini-mashariki, wanakoita Isan, watu hula wali unaonata kwa mkono, pamoja na saladi ya papai bichi lililopondwa kinuni na nyama iliyokatwakatwa na kutiwa ndimu. Kaskazini kuna khao soi, tambi za mayai katika mchuzi wa bizari na tui, zinazohusishwa na wafanyabiashara Waislamu waliotoka Yunnan, China. Kati ndiko kwenye michuzi ya tui unayoisikia majina yake. Kusini, karibu na Malaysia, manjano na pilipili vinatawala. Mgahawa wenye orodha ya vyakula 150 kutoka kote huko una vitano au sita ambavyo mpishi wake alizaliwa navyo, na vilivyobaki vipo ili mteja asiondoke. Ile pad thai yako ilikuwa katika kundi la pili. Chakula hicho kilienezwa kwa nguvu za serikali ya Thailand kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, na kikipikwa kwa ukwaju wa kutosha ukali wake huusawazisha utamu wa sukari. Majiko mengi ya Marekani yamepunguza ukwaju na kuongeza sukari kwa kumdhania mteja, na wakati mwingine hutia hata sosi ya nyanya.

Usitegemee sana ile herufi ya bluu iliyobandikwa dirishani. Kaunti ya Los Angeles imekuwa ikitoa alama za A, B na C kwa usafi tangu mwaka 1998, na ni vizuri kuzitazama, lakini zinapima joto la jokofu na mahali pa kunawia mikono, hazipimi mkono wa mpishi.

Kwa kanuni hiyo, naweza kukutajia mahali patatu. Sapp Coffee Shop husifika kwa tambi za mashua, zilizopata jina kutokana na wachuuzi waliozipika ndani ya mitumbwi katika mifereji ya Thailand, na kwa tambi za kijani zinazoliwa kavu. Nazitaja ili uzijue. Nitakueleza baadaye kwa nini mama asiziagize. Ruen Pair ni mgahawa wenye mkono wa Wathai wenye asili ya China, na kitu chake ni kimanda chenye figili iliyohifadhiwa kwa chumvi, chakula cha kawaida kabisa kinachomkumbusha mtu nyumbani hata kama nyumbani kwake hakikupikwa. Cha tatu ni Jitlada, kilichoko Sunset Boulevard, kusini kidogo ya mtaa wenyewe. Mwaka 2006 kilichukuliwa na ndugu wawili kutoka kusini mwa Thailand, Jazz Singsanong na kaka yake Tui Sungkamee, ambaye sasa ni marehemu. Orodha ya vyakula vya kwao ilikuwa imeandikwa kwa Kithai tu, nyuma ya ile ya wageni, mpaka mpenzi mmoja wa vyakula alipoitafsiri na mwandishi Jonathan Gold akaisifu mwaka 2007. Tangu hapo wageni walianza kugeuza ukurasa. Nanyi ugeuzeni. Tafuteni samaki wa kukaangwa kwa manjano na vitunguu saumu, na khao yam, wali baridi unaochanganywa na majani yaliyokatwa nyuzinyuzi, nazi iliyokaangwa, uduvi mkavu na mchuzi mweusi wa samaki. Ikiwa wanauliza kiwango cha ukali, jibuni kwa unyenyekevu. Mtu wa Tanga anajua pilipili, lakini pilipili ya kusini mwa Thailand haiko kando ya sahani kusubiri kuitwa, imo ndani ya chakula chenyewe na haitoki. Kabla ya kuondoka nyumbani pigeni simu kuulizia saa za kufungua, kwa kuwa baadhi ya majiko ya mtaa huo hufunga mapema na mengine hupumzika katikati ya wiki. Chukueni pia fedha taslimu kidogo.

Suala la nguruwe nitalieleza kwa urefu zaidi, maana watu hudanganyika. Kukwepa neno mu, ambalo ndilo nguruwe kwa Kithai, si kinga ya kutosha. Supu ya tambi inayoonekana safi mara nyingi imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe, hata ikiwa juu yake wameweka kuku. Mboga zinazokaangwa huweza kukaangwa kwa mafuta yake, na wakati mwingine hunyunyiziwa vipande vya mafuta hayo vilivyokauka kama chicha. Soseji za kaskazini ni nguruwe. Tambi za mashua, hata zile za ng'ombe, kwa desturi huongezwa damu katika mchuzi ili uwe mzito na mweusi, na kwa Mwislamu damu hailiki iwe ya mnyama yeyote. Kwa hiyo sentensi ya kutumia si "nipe isiyo na nguruwe" bali "sili nguruwe", na kwa Kithai utasema mai kin mu kha. Hilo kha la mwisho ni adabu ya msemaji mwanamke. Mwanaume husema khrap, na mtu asiyelitamka husikika kama kijana aliyesahau kuamkia. Hakuna atakayekasirika ukiuliza kuhusu supu na mafuta pia. Kama mama anashikilia zaidi, kwamba nyama yoyote iwe imechinjwa kisheria, basi siku hiyo iwe ya samaki, kamba, kaa, mayai na mboga, na wala hatapungukiwa.

Jina moja la kuulizia kwa ajili yake ni massaman. Huu ni mchuzi wa tui, viazi na karanga, ambao jina lake linatokana na neno Musulmani, na ndani yake mna iliki, mdalasini, karafuu na kungumanga, viungo ambavyo michuzi mingine ya Kithai haivitumii sana. Ukipatikana wa mboga au wa kamba, mwagizie, na umwache aseme mwenyewe ni nini kilichozidi na kilichopungua. Mkikuta mahali panapouza khao mok, wali wa manjano wa Waislamu wa Thailand, hapo mtakuwa mmefika kwa jamaa wa karibu wa biriani.

Mezani, agizeni sahani tatu za kula pamoja, si kila mtu na yake, na wali uje kando. Kijiko hushikwa mkono wa kulia na ndicho kinachoingia mdomoni, uma kazi yake ni kusukuma. Vijiti ni vya tambi tu. Mkiona chombo chenye vikopo vinne vya sukari, pilipili kavu, siki yenye pilipili na maji ya samaki, hivyo ni vya mlaji kurekebishia ladha ya tambi zake, na kuvitumia si kumdharau mpishi. Kinachoshangaza ni kuvimimina kabla ya kuonja. Na mkiona kijumba kidogo juu ya nguzo nje ya duka, chenye maua, soda na ubani, hiyo ni nyumba ya mzimu mlinzi wa mahali. Piteni kando yake kama mnavyopita kaburini, bila kushika kitu.

Malizieni Bhan Kanom Thai, duka la vitu vitamu lililo katika barabara hiyohiyo. Mtaona nyuzi za dhahabu za kiini cha yai, foi thong, ambazo zilifika katika mji wa Ayutthaya kwa njia ya Wareno wa karne ya 17, na vitunda vidogo vilivyofinyangwa kwa unga wa choroko na kupakwa rangi mpaka mtu huona haya kuvila. Lakini mimi ningempeleka mama kwenye khanom krok. Ni unga wa mchele na tui, hupikwa katika kikaango chenye vishimo. Safu ya chini hukauka ukingoni na ya juu, ya tui zito lenye chumvi kidogo, hubaki laini kama maziwa ya mgando, kisha nusu mbili huunganishwa pamoja zikiwa za moto. Hakuna hamira wala iliki, na wengine hutia majani ya kitunguu juu yake, jambo ambalo atalipinga kabla hajaonja. Mle papo hapo, maana zikipoa hulegea. Na akitaka kununua kikaango chake arudi nacho Tanga, mzuie, dada: anacho nyumbani, ndicho anachopikia vitumbua.